Betri za MGB: Kipuri kidogo kinachowatoa jasho wenye magari ya kale

MWENYE gari la kale la michezo aina ya MGB anaweza, hii leo, kuagiza karibu kila kitu anachohitaji ili kulijenga upya. Breki, viti, vioo, taa na vifaa vya injini vingali vinatengenezwa. Hata bodi nzima si muhali: mnamo 1988 kampuni ya British Motor Heritage ya Uingereza ilianza kuunda mabodi mapya ya gari hilo, miaka minane baada ya magari yenyewe kuacha kutengenezwa.

Hata hivyo, itafika asubuhi moja ambapo mwenye gari ataugeuza ufunguo, asikie mlio mmoja hafifu, kisha kimya. Hapo ndipo atakapogundua kwamba kipuri kitakachomtoa jasho ni kile ambacho wenzake wenye magari ya kisasa hukinunua dukani kwa muda wa dakika tano. Kipuri hicho ni betri.

Si kwamba betri zimeadimika duniani. Tatizo ni kwamba MGB nyingi hazikuundwa kutumia betri moja ya volti 12 kama magari mengine. Zilitoka kiwandani na betri mbili, kila moja ya volti sita, zikiwa zimefichwa nyuma ya viti, chini ya sakafu. Betri za aina hiyo hazipatikani tena kwa urahisi katika maduka ya kawaida. Anayekata tamaa na kununua betri yoyote inayoenea mle shimoni anaweza kuliunguza gari alilolitunza kwa miaka mingi.

Kwa nini betri mbili?

MGB ilizinduliwa Septemba 1962 kuchukua nafasi ya gari lililoitwa MGA. Ilibuniwa na wahandisi wa MG katika mji wa Abingdon, kusini mwa Oxford, wakiongozwa na Syd Enever. Ilikuwa gari dogo la viti viwili, lenye paa la turubai la kukunjwa na injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Mnamo 1965 lilifuata toleo la MGB GT, lililokuwa na paa la chuma. Kufikia Oktoba 1980, uzalishaji ulipokoma, zaidi ya magari 500,000 ya jamii hiyo yalikuwa yametengenezwa, na mengi yakauzwa Marekani. Wingi huo ndio unaofanya biashara ya vipuri vyake iendelee kustawi.

Wahandisi hao walikabiliwa na suala la nafasi. Katikati ya gari, kutoka kwa injini hadi magurudumu ya nyuma, hupita propela shafti. Mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kulia na kushoto mwa shafti hiyo, palibaki nafasi mbili finyu. Betri moja ya volti 12 ya enzi hizo, yenye nguvu ya kutosha kuizungusha injini hiyo asubuhi ya baridi, ilikuwa kubwa mno kuenea upande mmoja. Hivyo mzigo ukagawanywa: betri moja ya volti sita upande huu, nyingine upande ule, kama ilivyokuwa katika MGA. Uzani wake ukakaa chini, karibu na barabara, tena ukasawazika pande zote mbili. Kwa gari la michezo, hilo lilikuwa na faida yake.

Ili kuelewa jinsi betri hizo zinavyofanya kazi, yafaa kukumbuka jinsi betri ya risasi na asidi ilivyoundwa. Betri ya jamii hii, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ni mkusanyiko wa seli, na kila seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1. Betri ya volti sita ina seli tatu, na ile ya volti 12 ina seli sita. Katika MGB, ncha chanya ya betri moja huunganishwa kwa waya mnene na ncha hasi ya betri ya pili. Wataalamu huuita mpango huo muungano wa mfuatano. Volti za betri hizo hujumlishwa na kufikia 12 na ushei, lakini kiasi cha umeme unaohifadhiwa, ambacho hupimwa kwa ampea-saa, hubaki kile cha betri moja.

Mpango huo una udhaifu wake. Umeme wote sharti upite katika seli zote sita. Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza, na ndivyo ilivyo hapa: seli moja ikifa katika betri mojawapo, gari zima hukwama hata kama betri ya pili ingali nzima.

Kutokana na sababu hiyo, mwenye gari anayeamua kubaki na betri mbili hana budi kuzinunua zote kwa pamoja, zikiwa za aina moja na umri mmoja. Betri mpya ikifungwa pamoja na kuukuu, ile dhaifu huishiwa mapema wakati wa kuwasha gari, na wakati wa kuchajiwa mbili hizo hazijai kwa kiwango sawa. Baada ya muda mfupi, mkuukuu humponza mpya.

Mwaka wa gari ndio mwongozo

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye gari anapaswa kujua mambo mawili kuhusu gari lake. Mambo yote mawili hutegemea mwaka lilipotengenezwa.

La kwanza ni idadi ya betri. Septemba 1974, kutokana na kanuni za usalama za Marekani, MGB ilivishwa bampa kubwa nyeusi za mpira badala ya zile za chuma kinachong'aa. Mabadiliko ya kipindi hicho yaliondoa pia betri mbili za volti sita na kuweka moja ya volti 12, palepale nyuma ya viti. Kwa hivyo mwenye MGB ya bampa za mpira hana shida kubwa. Anahitaji tu betri ya volti 12 yenye vipimo vinavyofaa. Makala haya yanamhusu zaidi yule mwenye gari la bampa za chuma.

La pili, ambalo ndilo la hatari zaidi, ni ncha ipi ya betri iliyounganishwa na bodi ya gari. Katika takriban magari yote ya leo, ncha hasi ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Lakini MGB zilizoundwa kuanzia 1962 hadi mwishoni mwa 1967 zilikuwa kinyume: ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Mpango huo uligeuzwa wakati dainamo ya zamani ilipoondolewa na altaneta kuwekwa mahali pake.

Tatizo ni kwamba gari la nusu karne na zaidi huwa limepitia mikono mingi. Yapo magari ya 1965 ambayo wamiliki wake waliyageuza ili waweze kufunga redio ya kisasa. Kazi hiyo haiishii katika kubadilisha waya mbili za betri. Dainamo nayo hulazimika kuzoeshwa mwelekeo mpya wa umeme, waya za koili hubadilishwa, na kipima mizunguko ya injini, ikiwa ni cha umeme, hufunguliwa na kurekebishwa ndani. Anayenunua gari la namna hiyo hapaswi kuamini mwaka ulioandikwa katika hati pekee. Sharti afuate kwa macho waya unaotoka kwa betri hadi kwenye bodi, na kuhakikisha umetoka kwa ncha ipi.

Kosa hapa halina msamaha. Katika gari lenye altaneta, betri ikifungwa kinyume, dayodi zilizomo ndani ya altaneta hiyo huungua papo hapo. Redio iliyotengenezewa magari ya kisasa ikifungwa katika gari ambalo bodi yake ni chanya, nayo huharibika vivyo hivyo.

Njia tatu za kuchagua

Baada ya kuyajua hayo, mwenye gari ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuheshimu mpango wa asili na kutafuta betri mbili za volti sita. Nchini Uingereza huuzwa na wafanyabiashara wa vipuri vya magari ya kale, na nchini Marekani hutambulika kwa namba ya kundi 17HF. Zipo hata zilizovishwa kasha jeusi linalofanana na lile la mpira mgumu la zamani ilhali ndani ni za kisasa. Faida yake ni kwamba gari hubaki jinsi lilivyotoka Abingdon, jambo linalothaminiwa sana na wanunuzi na waamuzi wa mashindano ya magari ya kale. Hasara yake ni bei, kwani hutengenezwa kwa idadi ndogo, na mnunuzi analipia mbili.

Anayefuata njia hii ajihadhari na jina. Si kila betri ya volti sita inafaa. Magari ya Volkswagen Beetle ya zamani yalitumia volti sita, na vivyo hivyo baadhi ya matrekta ya kale, lakini vipimo vya betri zake si lazima vilingane na visanduku vya MGB. Nazo betri za volti sita za magari madogo ya viwanja vya gofu ni kubwa mno, tena zimeundwa kutoa umeme kidogokidogo kwa saa nyingi. Stata ya gari huhitaji kinyume chake, yaani umeme mwingi kwa sekunde chache.

Njia ya pili ni kuweka betri moja ya volti 12 katika kisanduku kimoja na kuacha cha pili kikiwa kitupu. Teknolojia imesonga, na leo betri ndogo ya volti 12 inaweza kutoa nguvu ambayo mwaka 1962 ilihitaji betri kubwa maradufu. Hii ndiyo njia rahisi na nafuu zaidi. Badala ya ncha nne zinazoweza kupata kutu au kulegea, hubaki mbili tu, na waya wa kuunganisha betri na betri huondolewa kabisa. Wengi hukitumia kile kisanduku kitupu kuhifadhi spana na jeki.

Njia ya tatu hufuatwa na wachache: betri mbili ndogo za volti 12, moja katika kila kisanduku, zikiunganishwa kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapa volti hubaki 12, ila ampea-saa hujumlishwa. Mpango huu ni mzuri lakini unahitaji fundi mwangalifu. Akiziunganisha kwa mazoea ya zamani, kwa mfuatano, gari litapokea volti 24, na hakuna taa wala kifaa cha umeme humo kitakachosalimika.

Vipimo na hatari iliyofichika

Njia yoyote itakayochaguliwa, utepe wa kupimia hutangulia pochi. Urefu na upana wa kisanduku hupimwa kwa ndani, na nafasi ya vibano vya kushikilia betri huhesabiwa, kwani betri isiyobanwa hurukaruka, ikapasuka na kumwaga asidi.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni kimo. Kifuniko kinachozifunika betri za MGB ni cha chuma, na chuma hicho ni sehemu ya bodi. Betri yenye ncha zilizochomoza kupita kiasi inaweza kukigusa, hasa kifuniko kinapokandamizwa na mizigo. Ikiwa ncha iliyogusa ni ile isiyofungwa kwenye bodi, hutokea shoti ya ghafla. Waya huo mkuu kwa kawaida haupitii fyuzi yoyote, hivyo hakuna cha kuukata umeme. Cheche na moto huzuka sentimita chache kutoka kwa mgongo wa dereva. Ncha hizo ni lazima zivishwe vifuniko vya mpira au plastiki, na pabaki nafasi ya wazi kati yake na chuma.

Umbo la ncha nalo hukanganya. Magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo yalitumia viunganishi vyenye umbo la kofia, vilivyofungwa kwa skrubu juu. Betri za kisasa hutarajia kibano kinachozunguka ncha, tena ncha chanya huwa nene kidogo kuliko hasi. Katika gari ambalo bodi yake ni chanya, kibano cha waya wa bodi lazima kilingane na ile ncha nene. Kukilazimisha kwa nyundo ni kuivunja betri; kukiacha kikilegea ni kujitafutia tatizo la gari kukataa kuwaka.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kuwekwa nyuma ya viti kumekuwa ndiko adui mkubwa wa betri hizo. Jambo lisiloonekana halikumbukwi. Ili kuzifikia, mwenye gari husogeza viti mbele, hukunja zulia, kisha hufungua kifuniko. Wengi huahirisha kazi hiyo hadi gari linapokataa kuwaka. Wakati huo wote maji ya betri yamekuwa yakipungua, na asidi imekuwa ikitona ndani ya kisanduku na kula chuma. Si ajabu fundi kuinua betri na kukuta sakafu ya kisanduku imeliwa, akaiona barabara chini yake.

Kwa hivyo ununuzi wa betri mpya uandamane na ukaguzi wa kisanduku chenyewe. Asidi iliyomwagika huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kupikia, kutu hukwanguliwa, kisha hupakwa rangi inayostahimili asidi. Tundu la kutolea maji chini ya kisanduku lisizibe. Ikiwa chuma kimeoza, hukatwa na kipya kuchomelewa, betri zikiwa nje ya gari. Baadhi ya wenye magari huchagua betri zilizozibwa, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, kwa sababu hazimwagiki wala hazihitaji kuongezwa maji.

Katika kuzitoa betri, mafundi wengi hufundishwa kutangulia na waya wa ncha hasi. Kwa MGB ya kabla ya mwisho wa 1967, mazoea hayo yanaweza kuleta balaa, kwa kuwa waya wa bodi ni ule wa chanya. Kanuni iliyo salama kwa magari yote ni kuanza kuondoa waya uliofungwa kwenye bodi, na wakati wa kurudisha, waya huo uwe wa mwisho. Ikumbukwe pia kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Sigara, pete na saa za chuma hazina nafasi katika kazi hiyo.

Pengine basi betri hazijafa. Kabla ya kuzitupa, mita ya volti inaweza kumwokolea mtu fedha nyingi. Betri ya volti 12 iliyochajiwa vyema na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban 12.6, ya volti sita husoma 6.3. Ikiwa moja inasoma 6.3 na nyingine 4.2, seli moja ya hiyo ya pili imekufa. Ikiwa zote ni sawa na stata bado ni nzito, huenda tatizo likawa waya mrefu unaotoka nyuma ya gari hadi mbele kwenye stata, au pale waya wa bodi ulipofungwa juu ya kutu. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, mita inapaswa kuonyesha takriban 14; ikibaki 12, basi wa kulaumiwa ni dainamo au altaneta.

Kipuri kisichowekwa akiba

Kwa vipuri vingine, wapenzi wa magari ya kale hufurahia kupata kitu cha zamani ambacho hakijawahi kutumiwa, kingali ndani ya boksi lake la 1965. Betri haina bahati hiyo. Iliyojazwa asidi huanza kuishiwa nguvu siku ileile, na ikiachwa miezi mingi bila kuchajiwa, fuwele za salfeti hushika katika bamba zake na kuiua. Mnunuzi akague tarehe ya kutengenezwa, si bei pekee. Gari linalotoka mara moja kwa mwezi liwekewe chaja ndogo ya kulinda chaji. Kwenye maeneo ya joto kama pwani ya Afrika Mashariki, betri huzeeka haraka kuliko katika baridi ya Uingereza.

Hatimaye zinabaki zile zilizokufa. Kila moja imebeba kilo kadhaa za risasi, madini yenye sumu ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiwango kidogo. Wakenya wanalijua hilo kutokana na masaibu ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza vita dhidi ya uchafuzi huo, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mnamo 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi hao walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Ndiyo maana betri kuukuu hurudishwa kwa muuzaji au kupelekwa kwa anayezikusanya kwa kibali. Haitupwi jalalani, na asidi yake haimwagwi mtaroni. Risasi iliyomo inaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena mara nyingi, mradi tu kazi hiyo ifanywe na wanaojua kuizuia sumu yake.

Kwa mwenye MGB, kazi iliyosalia ni ndogo: kuchagua siku moja katika kila miezi mitatu ya kusogeza viti, kukunja zulia na kukiinua kile kifuniko cha chuma. Atakachokiona chini yake ndicho kitakachoamua kama gari litawaka asubuhi inayofuata.